Mshenga wa Sikioni

"Mhandisi Kondo amefiwa na mama yake," kipuli kilimwambia Nyamizi sikioni, "na nimekwisha kulia naye."

Nyamizi Kapela alikuwa amechuchumaa nyuma ya pampu kubwa ya karakana ya chuo, spana mkononi, grisi mpaka viwikoni. Alisimamisha spana.

"Umelia naye vipi?"

"Kwa simu, kwa sauti yako. Sikulia sana. Nilivuta kamasi mara moja nikanyamaza, maana yeye alikuwa bado anaongea."

"Kondo yupi huyo?"

"Kondo Mwinshehe. Mkuu wa ghala la umeme la mchanga, Kisarawe. Ndiye mdhamini wako wa fani aliye karibu nawe kuliko wote. Mnazungumza kila wiki."

Mnazungumza. Nyamizi alijaribu kukumbuka. Ni kweli kila Jumapili kipuli kilimsomea muhtasari wa watu kilioongea nao kwa niaba yake, naye aliusikiliza kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa huku akitafuta kiatu cha pili. Alikuwa na mitihani. Alikuwa na pampu. Kazi ya kujuana na watu ilikuwa ya kipuli, ndiyo maana wanafunzi wote walikiita Mshenga.

"Anataka uje msibani leo," Mshenga aliendelea. "Amesema hivi: 'Waambie hao walimu wako wakupe ruhusa, wewe Mnyamwezi, maana msiba bila mtani ni kikao tu.'"

"Nani kamwambia mimi ni mtani wake?"

"Mimi. Wewe Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Wahandisi wengine niliwaandikia kwa adabu, wakajibu kwa adabu, kisha wakanyamaza. Kondo nilimwambia kwamba Mzaramo akiuza shamba hununua ngoma. Alijibu papo hapo."

Nyamizi alijua anapaswa kukasirika. Lakini alitaka kwanza kusikia. "Alijibuje?"

"Kwamba Mnyamwezi akipewa kiti hakikalii, hukibeba kichwani."

Akacheka peke yake nyuma ya pampu. Kisha akakumbuka kwamba kuna maiti, akaufunika mdomo wake kwa mkono wenye grisi.

*

Ofisi ya Madam Restituta Haule ilikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni, nacho kilikuwa kigumu makusudi. Madam alikuwa mratibu wa ajira wa chuo na hakupenda watu wakae.

"Unakwenda," alisema kabla Nyamizi hajamaliza kueleza. "Nimeshakuandikia ruhusa."

"Madam, sijawahi kuongea na huyu baba hata neno moja."

"Sauti ya kipuli si yako?"

"Sauti ni yangu. Maneno si yangu."

"Na rambirambi wanazosoma viongozi ni maneno yao?" Madam Haule alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Sisi tulisoma wakati ule wa barua za kuomba kazi. Unaandika, unakosea, unafuta, mwajiri anasoma, anakuona ulivyo. Mashine zilipojua kuandika, kila barua ikawa nzuri. Waajiri wakapata barua nzuri elfu kwa nafasi moja, wakazitupa zote wakasema, 'Nipeni mtu ninayemjua.' Sasa wewe, baba yako analima tumbaku Urambo. Unamjua nani?"

Nyamizi alikwangua grisi iliyokauka kwenye kucha.

"Humjui mtu. Mtoto wa mkurugenzi unafikiri anapiga simu mwenyewe? Baba yake ndiye kipuli chake. Chuo kimewanunulia ninyi baba wa sikioni, basi. Kipuli kinasoma taarifa zako, kinajifunza sauti yako na lafudhi yako, kinatafuta watu wa fani yako, kinawapigia. Kinakumbuka harusi zao na magoti yao yanayouma. Binadamu gani ana muda huo?"

"Lakini wao wanajua kwamba ni kipuli?"

Madam alirudisha miwani machoni. Alifanya hivyo taratibu mno.

"Hawajauliza."

Nje, wanafunzi walipita wakicheka, kila mmoja na kipuli chake kikimetameta sikioni, na Nyamizi akajiuliza ni vicheko vingapi wakati huohuo vilikuwa vinachekwa kwa sauti zao, kwenye simu za watu wasiowajua.

"Kondo ana nafasi moja ya msaidizi," Madam alisema. "Ameshanitajia jina lako. Nenda, kaa na wanawake, fanya utani wenu kidogo, rudi. Kipuli usikivue, kitakuongoza. Na ukipatwa na wazimu wa kusema ukweli, kumbuka huvui nguo zako peke yako. Unawavua na wenzako wote. Kesho hakuna mhandisi atakayepokea simu ya mwanafunzi wa chuo hiki."

*

Ndani ya treni Nyamizi alimpigia mama yake. Mama alikuwa kwenye bani la kukaushia tumbaku, na alipiga kelele kana kwamba moshi umeziba simu.

"Mama, naenda kwenye msiba wa mtu nisiyemjua."

"Yeye anakujua?"

"Anadhani ananijua."

"Mama yake amekufa kweli?"

"Amekufa kweli."

"Basi msiba ni wa kweli. Hayo mengine ni ya kwenu na vipuli vyenu. Usile kabla hujashika kazi. Mtani anayefika akala kwanza ni ombaomba."

"Mtani hufanya nini hasa, mama? Mimi nimewaona tu kwa mbali."

"Anavuruga. Anaficha mwiko, anagombania mkeka, anawatukana wafiwa mpaka wasahau kidogo. Shangazi yako Kalunde alikuwa akivaa nguo za marehemu na kumwiga anavyotembea. Watu wanacheka huku wanalia. Alikuwa hana haya yule."

"Na kama alikuwa hamjui marehemu?"

"Kalunde? Amwige mtu asiyemjua, amwigeje? Acha kuniuliza maswali ya darasani, tumbaku inaungua."

Simu ikakatika. Nyamizi aligusa kipuli.

"Wewe unamjua marehemu?"

"Bibi Mwamvua? Ndiyo," Mshenga alisema. "Namjua vizuri sana. Kondo alikuwa akimzungumzia kuliko mchanga."

*

Nyumba ya msiba ilikuwa upande wa pili wa ghala. Kutoka uani mtu aliona mapipa yake makubwa ya chuma, yamejaa mchanga uliopashwa moto na umeme wa jua mchana kutwa, ili jua likizama joto lile lichemshe maji na kuzungusha mitambo. Nyamizi alikuwa amesoma juu ya mapipa yale kwa miaka miwili. Sasa alikuwa ameyafikia, na hakuweza kuyatazama, maana mwanamume mrefu mwenye kanzu alikuwa anamjia huku amefungua mikono.

"Sema neno," mwanamume alisema. "Sema neno nikusikie."

"Poleni na msiba," Nyamizi alisema.

"Ndiyo huyo! Sauti ileile!" Kondo Mwinshehe aligeukia watu waliokaa chini ya turubai. Macho yake yalikuwa mekundu. "Jamani, yule Mnyamwezi wangu amefika! Fungeni kuku, ficheni masufuria!"

Wazee wakaguna kwa furaha. Mmoja alisema kwa sauti kwamba mpagazi amekuja bila mzigo, labda amekuja kubeba nyumba. Nyamizi alifungua mdomo.

"'Nyumba ya Mzaramo haibebeki,'" Mshenga alinong'ona, "'imeezekwa kwa madeni ya ngoma.'"

Akalisema. Turubai zima likalipuka. Kondo alimshika bega na kumkabidhi kwa dada yake, Semeni, mwanamke mnene aliyekuwa amefunga kanga kifuani na kushika mwiko kama rungu.

Ndani, wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, maiti ikiwa chumba cha pili imeshaoshwa na kusitiriwa. Nyamizi hakukaa. Alikumbuka maneno ya mama yake, akaenda uani, akamnyang'anya Semeni mwiko na kuanza kukoroga maharage. Hilo hakuambiwa na kipuli. Wanawake wakaguna chinichini kwa kuridhika, na Semeni akasema, "Haya, huyu anajua." Kisha akaingia ndani na kurudi na kanga iliyofifia. Akamrushia.

"Ya marehemu. Tuonyeshe, mtani."

Wanaume nao walisogea mlangoni, Kondo mbele yao. Nyamizi alijitanda ile kanga. Ilinuka karafuu na dawa ya kuchua. Aliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine: alitaka kujua kama itawezekana.

"Mkono wa kushoto kiunoni," Mshenga alinong'ona. "Mguu wa kulia uburute, si sana. Kohoa kabla ya kusema. Kisha uliza ni nani amefunua kisamvu chako."

Nyamizi alishika kiuno. Akaburuta mguu mpaka katikati ya ua. Akakohoa.

"Nani amefunua kisamvu changu?"

Hakuwahi kusikia sauti ya watu kama ile. Kilikuwa kicheko, lakini kilianzia tumboni kama kilio. Bibi mmoja alijipiga paja akasema, "Mwamvua! Wallahi ni Mwamvua!" Semeni alikaa chini kwenye vumbi, kanga usoni, mabega yakitikisika. Kondo alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, machozi yanamtiririka, na alikuwa anacheka kama mtoto.

Nyamizi alimtazama, na kwa muda mfupi alifurahi kupita kiasi. Kazi ilikuwa yake. Zaidi ya kazi: watu hawa walikuwa wake.

"Vizuri," Mshenga alisema. "Sasa mgeukie Kondo. Mwite Pazi. Mwambie, 'Pazi, mbona umechelewa kurudi, baba?'"

Nyamizi alijifanya anakohoa tena. "Pazi ni nani?" aliuliza chini ya kanga.

"Kaka yake. Alikufa maji wakiwa wadogo. Miezi ya mwisho mama alipoteza kumbukumbu, akawa anamwita Kondo kwa jina la Pazi. Kondo alikuwa anaitika. Hakumwambia mtu yeyote, hata Semeni. Alikuambia wewe tu."

Alikuambia wewe tu. Ua mzima ulikuwa unamngoja. Nyamizi aliona jinsi jina lile lingemchoma yule mtu, akaona pia kwamba lingemfunga kwake maisha yake yote, maana nani atamsahau aliyemrudishia mama yake kwa neno moja? Kipuli hakikuwa kimekosea. Kilikuwa kimepiga hesabu sawasawa.

Alikivua, akakiinua juu kati ya vidole viwili.

"Enyi Wazaramo!" alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi marehemu simjui! Wala huyu Kondo simjui! Mwaka mzima aliyekuwa anaongea naye kwa simu ni hiki hapa kipuli. Kinatumia sauti yangu. Hata mwendo wa mama kimenifundisha sasa hivi. Mimi nilikuwa nafungua pampu!"

Kisha mzee yule wa chini ya turubai akapiga kofi.

"Mnyamwezi kazidi! Hata utani wenyewe kakibebesha kipuli!"

Wakacheka kuliko mwanzo. Bibi mmoja aliomba ashike hicho kipuli kimtukanie mkwewe. Kondo alicheka mpaka akachuchumaa, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu mtoto ataniua nimfuate mama." Nyamizi alibaki amesimama katikati ya ua na mkono wake hewani. Alikuwa ameusema ukweli wote mbele ya watu wote, na haukumgusa hata mmoja. Mtani anaweza kusema lolote, kwa sababu hakuna lolote analosema mtani ambalo mtu hulichukua kuwa kweli.

Angeweza kuishia hapo. Wazo lilimjia, tena lilimjia na kiti chake, tayari kukaa. Amesema, hawakuamini, si kosa lake. Madam Haule angempongeza.

Jeneza likatolewa. Wanaume wakalifuata.

*

Alipika, akapakua, akaosha. Wanaume walirudi kutoka makaburini na mavumbi miguuni, wakala. Kondo alipotoka uani kunawa, Nyamizi alimfuata penye pipa la maji, akainama, akapiga goti moja.

"Shikamoo, Mhandisi."

Kondo aliacha maji yatiririke mkononi. Mtani hamwamkii mtani wake shikamoo. Alimtazama msichana aliyepiga goti, na tabasamu likamfutika usoni kidogokidogo.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo. Nilichosema pale uani ni kweli."

Alifunga bomba. Alikung'uta maji mikononi, kidole kimoja kimoja, mpaka goti la Nyamizi likaanza kuuma.

"Habari ya Pazi," Kondo alisema hatimaye. "Nani anaijua?"

"Kipuli. Na mimi, tangu leo mchana. Kiliniambia nikuite hivyo mbele ya watu."

"Hukuniita."

"Siri hiyo hukuniambia mimi, Mhandisi. Ulikiambia kitu kingine ukidhani ni mimi."

Kondo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ghafla alionekana mzee. "Nilikuwa nasimamisha gari hapo nje," alisema, "sitaki kuingia ndani niitwe jina la marehemu kaka yangu. Nakupigia wewe. Nacheka na wewe kwanza, halafu naingia, naitika." Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa Nyamizi. "Kimo humo? Kiulize. Nilipokuwa nalia, chenyewe kilikuwa kinasikia nini?"

Nyamizi alikitoa, akakiweka wazi kiganjani ili wote wawili wasikie. Alitaka kujua na yeye. Alikiuliza.

"Nilisikia mtu anayeongea kwa muda mrefu kuliko kawaida yake," Mshenga alisema kwa sauti ya Nyamizi, sauti nyororo ya msichana wa Urambo. "Watu wakiongea hivyo hawataki kujibiwa. Nikanyamaza."

Kondo alikunja uso kama mtu aliyeonja kitu asichoweza kukitaja.

"Ndugu zangu walishindwa hilo," alisema. "Kila mmoja alikuwa na ushauri." Akafikiri. "Hata hivyo hakikuwa mtu. Nilimshukuru mtu. Nilimwombea mtu dua. Mlinichukulia dua yangu mkaipeleka wapi?"

Nyamizi alikifunika kipuli kwa kiganja cha pili, kisije kikajibu.

"Ile nafasi sikupi," Kondo alisema.

"Najua."

"Na nitawaambia wahandisi wenzangu. Si kwa hasira. Wanapaswa kujua wanaongea na nani."

"Waambie. Madam wangu nitamwambia mwenyewe kabla hujamfikia. Wenzangu watanichukia." Akakikunjia kipuli vidole. "Lakini hawajafanya kosa wanalolijua. Wakikupigia kwa midomo yao, wapokelee. Watakoseakosea tu mwanzoni."

Nyamizi aliinuka, akapangusa goti, akaanza kufungua ile kanga ya marehemu aliyokuwa bado amejifunga kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Chuoni."

"Kwani wewe si Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa Urambo, baba na mama."

"Basi kaa chini. Utani wangu na wewe haukuletwa na kipuli. Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, babu zangu wakawauzia maji na matusi. Hata kama hatujawahi kuonana, wewe ni mtani wangu, na huna ruhusa ya kuondoka kabla ya dua." Akasimama, akajipangusa kanzu. "Ya kazi ni ya kazi. Ukitaka ghala, utaomba kama wengine, nitakuuliza habari za mchanga mpaka utoke jasho. Haya. Nitukane."

"Sasa hivi?"

"Wewe mwenyewe. Kipuli weka mfukoni."

Nyamizi alitafuta. Aliangalia mapipa ya ghala yakianza kutoa mvuke, akaangalia sufuria la ubwabwa, akaangalia kanzu ya mtu aliyezika mama yake mchana ule. Utani wote ulikuwa umemtoka kichwani.

"Nyinyi Wazaramo," alianza, "ubwabwa wenu... una chumvi nyingi."

Kondo alingoja. Hakukuwa na zaidi.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi."

"Mbaya hiyo," Mhandisi Kondo alisema. "Mbaya sana. Tena ubwabwa huo umeupika wewe." Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Akachukua sufuria chafu lililokuwa chini, akamwekea mikononi. "Osha hili huku unafikiria nyingine. Nakuja kuisikiliza."